Ndizi zilikuwepo mezani, Shangazi hakula: kisa cha wageni kutoka Bukoba

Siku ya nne tangu wafike nilimkuta Shangazi amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, karibu na karo la kufulia, anatafuna kitu. Aliponiona alifumba kiganja. Nilidhani ni dawa. Zilikuwa punje za kahawa, zile za kutafuna ambazo Wahaya huziita akamwani, na alikuwa amezitoa kwenye mkoba wake kimyakimya kama mtoto aliyeiba sukari. "Zinanisukuma kidogo, tata," akasema. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameinuka mezani akituambia ameshiba, na sahani yake ilikuwa na chapati nzima, yai, na kipande cha ndizi ya nazi kilichoumwa pembeni.

Ndipo nilipoelewa kwamba wageni wangu wana njaa. Nyumbani kwangu, na friji imejaa.

Nakiandika kisa hiki chote, pamoja na makosa yetu, kwa sababu nimewasikia jamaa wengi hapa Dar wakilalamika kwamba wazee wao kutoka mkoani "hawali", na kila mmoja ana maelezo yake: uzee, joto, uchovu wa safari, maringo. Mimi nilikuwa na maelezo yangu pia. Niliamini shida ni kujua tu wapi panauzwa nini. Hilo lilikuwemo, lakini lilikuwa kipande kidogo sana cha tatizo.

Hali ilikuwa hivi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, amepita miaka sabini. Alikuja na mumewe, ambaye sote tunamwita Mzee, kwa ajili ya matibabu ya macho ya Mzee, na ilipangwa wakae wiki tatu. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Walikuja kwa basi, na kutoka Bukoba hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,400. Walishuka miguu imevimba. Mke wangu ni mtu wa Tanga, anapika vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu, na silisemi hilo kwa kuogopa kulala nje. Mimi nimezaliwa hapahapa mjini. Kihaya ninakisikia kikizungumzwa polepole, kikikazwa mwendo kinanipita.

Maandalizi yetu yalikuwa sentensi moja. Nilimwambia mke wangu, "Wahaya wanakula ndizi." Sentensi hiyo ni ya kweli kabisa, na ndiyo iliyotuponza.

Alitoka akanunua mzuzu, zile ndizi ndefu nene, akazipika kwa nazi: tui la kwanza, tui la pili, karafuu kidogo, kama zinavyopikwa kwao. Chakula kitamu, watoto walilamba sahani. Shangazi alikula vipande viwili akasifu, usiku tumbo likamsumbua. Kesho yake tukaletewa samaki aina ya changu kutoka soko la samaki la Feri, akapakwa ukwaju, akachomwa. Mzee alimgeuzageuza yule samaki, akamnusa kwa mbali, akasema ni samaki mzuri. Samaki wa Mzee ni wa maji baridi. Wa baharini kwake ana harufu ya kitu kilichoachwa kwenye chumvi.

Hapa kwenye ndizi inabidi nikae kidogo, maana ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu wa Dar akisema "ndizi" anaweza kumaanisha mzuzu, mkono wa tembo, mshale, kimalindi, kisukari, Bukoba. Muuzaji wa mtaani akiulizwa ndizi za kupika atakupa alizonazo. Lakini ekitoke, ambacho Wahaya hukila, ni cha ukoo mwingine kabisa wa ndizi. Wataalamu wa kilimo huziita ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na makao yake ni nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, kwenye mwinuko, ubaridi kiasi na mvua nyingi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ule ukanda wa Bukoba ulio kandokando yake hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka. Humo ndani ya kibanja kimoja, yaani shamba la nyumbani, utakuta enshakala, entobe, enyoya, kila mgomba unajulikana kwa jina, na za pombe zimetengwa zina jina lake. Ikichemshwa, ndizi hii hulainika ikawa nyororo hata hushindani nayo mdomoni, na haina utamu wa sukari. Mzuzu ni mkavu, na ukianza tu kukomaa unaelekea kwenye utamu. Kumpa Shangazi mzuzu wa nazi kwa kuwa nao ni ndizi ni sawa na mtu wa Tanga atamani wali umletee uji wa mchele. Mchele si ni uleule?

Mke wangu hakujua hayo, na hakuwa na sababu ya kuyajua. Mimi ndiye niliyepaswa. Nilikaa katikati ya watu wawili wanaoheshimiana, mmoja anapika kwa moyo wote na mwingine anasifu kwa moyo wote, nami sikumfasiria yeyote. Jioni ya siku ya pili mke wangu aliniambia akiwa anasugua sufuria, bila kugeuka: "Mimi nimepika kwa mikono yangu yote miwili, wanakula kama wagonjwa. Shangazi yako ananichukia?" Nikacheka. Sikutakiwa kucheka.

Nikaamua kulimaliza kwa pesa. Kuna mahali nilipaona ubao umeandikwa "matoke", nikawapeleka siku ya tatu, mchana. Tukaletewa ndizi zilizopondwa, zimefungwa kwenye jani, pembeni mchuzi wa karanga. Shangazi alifunua jani, akatazama, uso ukakunjuka kwa sekunde moja halafu ukarudi. "Hizi wamezipika Kiganda," akasema. Ni kweli. Ndizi zilikuwa zenyewe, za ukoo uleule, lakini Waganda huzipika kwa mvuke ndani ya majani na kuziponda, na Wahaya huzichemsha nzimanzima, mara nyingi pamoja na maharage. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula si mbali, watu wameoleana na wanaelewana lugha nusu kwa nusu, ila kwenye sufuria kila mmoja ana msimamo wake. Mzee alikula ule mchuzi wa karanga, ndizi akazigusa.

Nikajaribu tena jioni kwa jirani mmoja anayesifika kwa kuuza ndizi nyama. Ndizi nyama ya Kichaga, mshale ulioivishwa na mafuta ya ng'ombe hadi kijiko kinasimama. Chakula cha heshima. Wazee wangu walionja wakasema Wachaga ni watu wenye nguvu.

Sitaki kuwalaumu wapishi hao. Walichouza ndicho walichoandika. Nina maoni yangu tu, na mtu anaweza kunipinga: ukitafuta chakula cha kumtuliza mgeni mzee, hotelini pawe mahali pa mwisho kwenda. Hoteli inapika kwa watu wote, kwa hiyo inatia ladha. Vitunguu vingi, nyanya, viungo vya pakiti, mafuta. Chakula alichokikulia mzee wa kijijini kwa kawaida hakina ladha nyingi kiasi hicho, na ule uchache ndio anaoutamani.

Kosa la tatu lilikuwa la gharama zaidi, na nililianzisha usiku uleule. Nilimpigia binamu yangu Bukoba nikamwomba anitumie mikungu miwili kwa basi. Binamu akakata, akachambua, akaweka kwenye viroba, akavishona vizuri, akapeleka stendi. Mzigo ulitakiwa ufike kesho yake usiku. Ulifika baada ya siku mbili, na niliupokea kwenye buti la basi ambalo ukiingiza mkono unadhani umeufungua mlango wa tanuri. Zaidi ya nusu zilikuwa za njano. Nilipofungua kiroba cha pili, utamu ulinipiga puani kabla ya macho. Ndizi ikianza kuiva hutoa hewa inayozihimiza wenzake ziive, na kiroba kilichoshonwa huifungia hewa hiyo ndani. Afadhali ningeomba mikungu iachwe mizima, ifungwe kwa majani makavu, ipigwe na upepo. Nikaomba kwa haraka, nikapata kwa haraka. Watoto walikula ndizi mbivu wiki nzima hadi wakazichoka.

Basi tunarudi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na kiganja cha kahawa, asubuhi ile nikiwa bado nausubiri mzigo.

Nilimweleza mke wangu nilichokiona. Akanyamaza kidogo, akaweka mwiko chini, akaenda stoo. Nikasikia anavuta vitu. "Hebu njoo," akaniita. Sakafuni palikuwa na ule mkoba mkubwa wa mistari ambao Shangazi alitukabidhi usiku waliofika. Kwa kawaida yetu tuliupokea kwa mikono miwili, tukashukuru, tukauweka vizuri. Ndani: maharage kama kilo nne, mekundu yenye madoa. Dagaa wakavu. Kifurushi kingine cha akamwani. Na ndani ya friji, chini kabisa, nyuma ya barafu za watoto, pakiti ya senene, wale panzi wa kuliwa, aliyoitia huko mke wangu mwenyewe kwa sababu binti yetu alipiga kelele alipoona macho yao.

"Huyu mama amekuja na chakula chake," mke wangu akasema. "Sisi tukakifungia."

Kwangu kisa chote kiko hapo. Mzee wa kijijini akifunga safari hawezi kuja mikono mitupu, na zawadi anazobeba ni zile anazoziona yeye kuwa chakula cha maana. Hakununua dukani. Kibanja cha Kihaya kina migomba, chini ya migomba kuna mibuni, katikati humo hupandwa maharage. Mkoba ule ulikuwa ni kibanja kilichopunguzwa kikatosha kwenye basi, kimekosa migomba tu kwa sababu ya uzito. Lakini akishakikabidhi, si chake tena. Mgeni hawezi kusema, "Nipikieni yale maharage niliyowaletea." Ni aibu. Na mwenyeji mwenye adabu haitoi zawadi ya mgeni akamlisha nayo mgeni, anaona kama anabana matumizi. Anaitunza, mgeni anapikiwa kuku na pilau. Adabu mbili zimekutana, kila moja iko sawa, na katikati yake mama wa miaka sabini na kitu amekaa hatua kumi kutoka kwenye chakula chake mwenyewe bila ruhusa ya kukigusa. Kilichobaki mikononi mwake ni zile punje chache za kahawa alizojiwekea kwa ajili ya njiani.

Tulikuwa tumemuuliza, bila shaka. Kila siku. "Shangazi, leo ungependa kula nini?" Na kila siku jibu lilikuwa moja: "Chochote, wanangu. Mimi sina shida." Lile swali halina jibu jingine. Ukimuuliza mgeni mzee anataka nini, unamlazimisha achague kati ya kukudanganya na kukuagiza, na mtu aliyelelewa vizuri hakuagizi. Mke wangu, ambaye kuanzia hapa ndiye aliyekiongoza kisa, alilibadilisha. Alikaa naye uani wakichambua mchele, akamuuliza, "Siku mliyoondoka, kabla ya kupanda basi, mlikula nini?"

Shangazi alizungumza robo saa. Ebitoke na maharage, sufuria moja, nani alimenya, mjukuu gani aliyemwaga maji, jinsi walivyofunga nyingine kwenye jani za njiani na zilivyokuwa ngumu kama mawe walipofika Kahama, maana ndizi hizi zikipoa hukakamaa. Mke wangu aliuliza tu, "Na maharage mnatangulia nayo au mnaweka pamoja?" Alipotoka hapo alikuwa na mapishi kamili, na hakuna aliyeombwa wala aliyeagiza.

Tulikuwa na swali moja zaidi, na hilo nililiuliza mimi kwa sababu ni la ukoo. Koo za Kihaya zina muziro, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali, na Mzee ni wa ukoo mwingine na wetu. Sikutaka kuongeza kosa la nne. Kwa majirani zetu Waganda uko ukoo mzima wa Nsenene, nao hawali senene. Fikiria umewaandalia pakiti nzima kwa furaha. Mzee alicheka hadi akatoa leso. Muziro wake, akasema, hauuzwi sokoni, nisihangaike.

Jumamosi alfajiri, siku moja baada ya kuupokea ule mzigo wa njano, tukaenda Mabibo, kwenye soko ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi. Nilitaka kwenda peke yangu. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.

Kwa muuzaji wa kwanza nilimsikia akiitwa "Mama, Bukoba hii hapa, Bukoba!" Akasimama. Alichukua chane moja, hakuitazama rangi kama ninavyofanya mimi. Alipitisha kidole gumba kwenye mbavu za ndizi, akahesabu kona zake, akakwaruza ganda kwa ukucha akatazama utomvu unavyotoka. Akairudisha. "Imekatwa changa," akaniambia. Ndizi changa ina kona kali, iliyokomaa imejaa na kona zimeanza kupotea. Ya kwanza haitalainika hata uichemshe hadi jioni. Nilikuwa nimenunua ndizi miaka ishirini bila kulijua hilo.

Kwa wa tatu alipitisha kidole, akapita mara ya pili, akamsemesha muuzaji kwa Kihaya. Kijana akashtuka, akavua kofia, akajibu kwa Kihaya. Walianza na vijiji, wakaja kwenye shule, wakafika kwa bibi wa mtu fulani, na bei ikashuka bila mimi kufungua mdomo: mkungu mzima kwa 20,000, aliyenitangulia alikuwa ametajiwa 28,000. Halafu kijana akacheka akasema ukweli. Mkungu ule haukutoka Bukoba. Ulitoka Tukuyu. Hapa mjini, "Bukoba" ni jina la aina ya ndizi, na nyingi zinazoitwa hivyo zinalimwa Rungwe, ambako nako ni juu, kuna baridi na mvua haikauki, na ni njia fupi zaidi kuja Dar. Nilimtazama Shangazi nikidhani atakataa. Alipitisha kidole tena. "Mgomba haujui ulikozaliwa," akasema, "umelishwa vizuri." Tukabeba. Kijana alituachia namba yake na kutuambia siku ambazo gari lake hushusha, jambo ambalo kwangu lilikuwa na thamani kuliko ile 8,000.

Majani tuliomba kwa jirani mwenye migomba mitatu ya mapambo nyuma ya choo. Shangazi aliyachana na uti wake, akayapitisha juu ya makaa hadi yakalegea na kung'aa.

Alikataa jiko la gesi. Si kwa ushamba. Alisema moto wa gesi unaunguza katikati na kuacha pembeni, na kwa sufuria iliyojaa hadi juu nadhani ana haki. Tukawasha jiko la mkaa uani. Maharage yale ya madoa yalikuwa yamelowekwa tangu usiku, yakachemshwa hadi karibu kuiva. Yeye na mke wangu wakakaa kwenye vigoda wakamenya. Mke wangu alikuwa akimenya kama viazi, ganda linatoka vipandevipande na vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu. Shangazi akamshika mkono, akampaka mafuta kidogo kwenye viganja na kwenye kisu, akamwonyesha: kata ncha, kata kikonyo, chinja ganda kwa urefu mara moja, kisha lisukume kwa ubapa wa kisu lijivue lenyewe. Ndizi ikatoka nzima, haina jeraha. Hazikatwi vipande. Nilipouliza kwa nini, wote wawili walinitazama kama mtu aliyepotea njia.

Ndizi zikapangwa juu ya maharage, chumvi, kitunguu kimoja, maji ya kufika katikati, majani yakafunika na kukunjwa kuingia ndani ya sufuria, kifuniko juu. Hakuna mafuta. Hakuna nyanya. Mke wangu alishika chupa ya mafuta akaiweka chini, akaishika tena, akaiweka. Pembeni wale dagaa wakavu wakaoshwa na kukaangwa. Baada ya kama saa moja Shangazi aliinua pembe ya jani, mvuke ukatoka na harufu ambayo mara ya mwisho niliisikia nikiwa na miaka tisa, likizoni kwa babu. Sikuwa nimeikumbuka hata siku moja katikati. Nilikwenda kusimama karibu na tenki la maji.

Tulikula uani, kwenye mkeka, kutoka jani moja kubwa, moto uleule, maana zikipoa zimekwisha. Mzee hakusema lolote. Alikula, akanyamaza, halafu kwa kidole kimoja akalivuta jani upande wake kama sentimita tano. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoitoa, na mke wangu aliiona kabla yangu.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe baada ya hapo. Ile mizuzu iliyobaki kikapuni siku ya kwanza ilikuwa imeshaiva, tunataka kuitupa. Mzee akaikamata. Kwao huitwa enkonjwa, na huchomwa. Kila jioni alikaa na jiko la mkaa anaigeuza, na watoto wamemzunguka. Chakula tulichokosea kilikuwa chakula sahihi kwa saa nyingine na moto mwingine. Senene nao wakatoka barafuni. Shangazi aliwakaanga bila mafuta, wanatoa ya kwao, akatia chumvi tu. Novemba na Desemba ndio msimu wao mkuu, kwa hiyo alikuwa ametuletea kitu cha kwanza cha mwaka, nasi tukakizika chini ya barafu. Binti yetu alikataa kukaa chumba kimoja nao. Mdogo wake alikula mmoja kwa kuahidiwa 500, wa pili bila malipo. Lubisi, pombe ya ndizi, sikuipata, na sikuitafuta sana. Mzee alikuwa na masharti ya daktari.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba hatukulazimika kupika ndizi kila siku. Tulipika kama mara mbili kila wiki. Lakini wazee walipohakikisha kwamba chakula chao kipo na kinaruhusiwa, wakaanza kula cha kwetu pia. Wiki ya pili Shangazi aliomba mwenyewe wali wa nazi, akauliza tui linakamuliwaje, akakalia mbuzi akakuna nazi moja mpaka mwisho huku akisema kifaa hiki hakina heshima kwa mwanamke mzee. Changu wa Feri, hapana. Kwa changu hakubadilika.

Ningerudi nyuma ningefanya tofauti mambo mawili, yote ya usiku wa kwanza. Ningeufungua ule mkoba mbele yake, na kupika kilichomo kesho yake asubuhi. Na ningemweleza mke wangu kwamba Shangazi akisema "nimeshiba" mara moja ameshiba, akisema mara tatu ana njaa.

Siku ya kuondoka, mke wangu alimfungia nazi sita zilizokauka vizuri, zilizofuliwa, na mbuzi mpya tuliyomnunulia Kariakoo. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaingiza kwenye ule mkoba wa mistari. Baada ya wiki tatu tulipiga simu kuwasalimia na kuuliza macho ya Mzee, yanaendelea vizuri. Mke wangu akachukua simu. "Shangazi, shikamoo. Zile nazi mlizipikaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeziweka vizuri kabisa, kabatini," Shangazi akajibu. "Zinasubiri wageni."